Kisanduku cha Cotman mbele ya bahari: tunakipima kwa mkono wa Winslow Homer

Kisanduku chenyewe ni kidogo: plastiki nyeupe, vidonge 12 vya rangi kavu ya maji, brashi fupi, na kifuniko kinachotumika kama sahani ya kuchanganyia. Kwenye lebo kinaitwa Winsor & Newton Cotman Sketchers' Pocket Box. Cotman ndilo daraja la wanafunzi la kampuni hiyo iliyoanzishwa London mwaka 1832. Daraja la juu linaitwa Professional, na bei yake ni ya juu zaidi. Anayetaka kuanza kuchora pwani mara nyingi hukutana na kisanduku hiki kwanza, na swali lake ni la haki: kwa vidonge hivi 12, bahari itatoka?

Inatoka, kwa masharti matatu. Vidonge vitatu vibadilishwe, brashi ya ndani iwekwe kando, na pesa yoyote inayobaki iende kwenye karatasi. Sharti la mwisho ndilo zito kuliko yote, na sababu yake inaonekana wazi ukifuata kazi za Winslow Homer, mchoraji wa Marekani aliyeacha takriban picha 700 za rangi za maji, nyingi zikiwa za bahari na watu wake. Pwani ya Homer imejengwa kwa kuondoa. Aliondoa rangi kwenye karatasi kwa kitambaa na kwa kisu, aliondoa rangi kwenye sahani yake mpaka zikabaki chache, na aliondoa watu kwenye picha ambazo dunia ilikwisha kuziona. Kwa hiyo vifaa vya mchora pwani tunavipima kwa jambo hilo: vinaruhusu kuondoa, au vinang'ang'ania?

Homer alizaliwa Boston mwaka 1836. Mama yake, Henrietta Benson Homer, alichora kwa rangi za maji, lakini kijana mwenyewe hakuanzia kwenye rangi. Akiwa na miaka 19 aliingia uanagenzi kwenye karakana ya uchapaji ya J. H. Bufford, na kuanzia 1857 akawa anachorea magazeti, hasa Harper's Weekly, zikiwemo picha za Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani. Picha ya gazeti enzi zile ilichongwa kwenye ubao, kisha ikapigwa wino. Palipochongwa pakabaki peupe, palipoachwa pakawa peusi, na hapakuwa na rangi ya kumwokoa mchoraji aliyekosea. Miaka hiyo ilimzoesha kuona giza na mwanga kabla ya kuona bluu na kijani. Piga jaribio rahisi: chukua picha yoyote ya Homer kwenye simu, igeuze iwe nyeusi na nyeupe. Wimbi bado linavunjika palepale, na mashua bado ina uzito wake. Kisha fanya hivyohivyo na picha yako mwenyewe. Ikiwa bahari na anga vimeyeyuka vikawa kijivu kimoja, tatizo haliko kwenye kisanduku.

Rangi za maji alizishika kwa dhati kiangazi cha 1873, katika mji wa wavuvi wa Gloucester, Massachusetts. Alichora watoto ufukoni, kwenye mashua na juu ya magogo. Picha hizo za mwanzo zina rangi nyeupe nzito iliyopakwa juu ya nyingine, na zinafaa kutazamwa na yeyote anayetegemea kidonge cheupe kilichomo kisandukuni: weupe huo unakaa juu ya picha kama chokaa ukutani, wakati weupe wa karatasi hutoka kwa ndani. Kutokana na kiangazi hicho hicho ndipo ilipozaliwa picha yake ya mafuta inayopendwa kuliko zote, Breezing Up, iliyokamilika mwaka 1876 na sasa ipo National Gallery mjini Washington. Mashua imelala upande wa demani, tanga limejaa, mzee na wavulana wamejipanga kuipa mizani. Wataalamu waliochunguza tabaka za chini za rangi walikuta kwamba Homer alikuwa ameweka mvulana mwingine karibu na mlingoti, na jahazi la pili kwa mbali, kisha akavifuta. Hapo bado alikuwa na miaka 40, na tabia ya kupunguza imekwisha kuota mizizi.

Mwaka 1881 alivuka Atlantiki akaenda kuishi Cullercoats, kijiji cha wavuvi kwenye Bahari ya Kaskazini huko Uingereza, akakaa hadi mwishoni mwa 1882. Huko alichora wake wa wavuvi: vikapu mgongoni, sketi nzito, upepo usiokoma. Karatasi zikawa kubwa, anga likashuka, na rangi zikapungua mpaka kijivu, hudhurungi na bluu iliyozimika. Kazi iliyotokana na safari hiyo, Inside the Bar ya 1883, ipo Metropolitan Museum mjini New York: mwanamke mmoja amesimama, aproni imetuna kama tanga, na mashua ziko nyuma yake. Hakuna zaidi.

Aliporudi Marekani alihamia Prouts Neck, rasi ya mawe huko Maine, mwaka 1883. Mwaka uliofuata mbunifu majengo John Calvin Stevens akamgeuzia banda la magari ya farasi kuwa studio yenye roshani inayoitazama bahari. Ndiyo miaka ya picha kubwa za mafuta: The Fog Warning ya 1885, mvuvi peke yake ndani ya mtumbwi wenye samaki wakubwa, akigeuka kuangalia ukungu unaoifunika meli yake; na Weatherbeaten ya 1894, ambamo mtu ameondoka kabisa, kumebaki mwamba na wimbi. Ile ya kutazamwa kwa makini zaidi ni Northeaster. Alipoionyesha mwaka 1895 ilikuwa na watu wawili waliovaa makoti ya mvua wamejikunyata kwenye mawe. Baadaye aliichukua tena, akawafuta wote wawili, akapandisha mahali pao mnara wa povu. Ukisimama mbele yake leo hujui kwamba kuna mtu aliyekosekana. Unachohisi ni kwamba hakuna wa kukusaidia. Picha hiyo nayo ipo Metropolitan.

Kwa msomaji wa Mombasa, Tanga, Unguja au Lamu, hata hivyo, Homer wa kumfuata kwa karibu ni yule wa majira ya baridi. Baridi ya Maine ilipokaza alishuka kusini: Bahamas mwishoni mwa 1884 na tena 1898 hadi 1899, Cuba mwaka 1885, Florida mara kadhaa, na Bermuda. Maji ya huko ni kama ya kwetu: kijani-bluu juu ya mchanga, mstari mweusi wa mwamba, kisha bluu nzito ya kilindi. Minazi ni ileile. Watu aliowachora ni Waafrika wa Bahamas, wapiga mbizi, wavuvi wa sifongo, na katika The Turtle Pound ya 1898, iliyopo Brooklyn Museum, wanaume wawili na kasa kwenye uzio wa miti uliojengwa majini. Aliwachora wakiwa kazini, kwa heshima ileile aliyowapa wavuvi wa Maine, jambo ambalo wachoraji wengi wa nchi yake na wakati wake hawakulifanya. Michoro ya safari hizo ndiyo iliyozaa The Gulf Stream, picha ya mafuta ya 1899 ambayo Metropolitan iliinunua mwaka 1906: mtu mweusi juu ya chombo kilichovunjika mlingoti, papa wamezunguka, kimbunga cha maji kwenye upeo wa macho, na miwa michache mbele yake ndiyo akiba aliyo nayo.

Lakini kama ni somo la rangi za maji, picha ya kuanza nayo ni ndogo na tulivu, A Wall, Nassau ya 1898. Karibu nusu ya picha ni ukuta mweupe. Juu yake kumechomekwa vigae vya chupa kuzuia wezi, kama kuta za mawe za miji yetu. Nyuma ya ukuta kuna maua mekundu, na pembeni kipande cha bahari chenye tanga moja dogo. Ukuta huo ni karatasi iliyopitishwa maji yenye rangi hafifu ya kijivu, bluu na udongo, tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka likiacha lililo chini lionekane. Hakuna sehemu iliyopigwa rangi nyeupe ili iwe nyeupe. Jua la saa sita liko pale kwa sababu karatasi iko pale. Wekundu nao ni matone machache tu, na ndiyo sababu unawaka.

Sasa turudi kisandukuni tukiwa na jicho hilo.

Vidonge 12 ni hivi, kwa majina yaliyo kwenye lebo: Lemon Yellow Hue, Cadmium Yellow Pale Hue, Cadmium Red Pale Hue, Alizarin Crimson Hue, Ultramarine, Cobalt Blue Hue, Viridian Hue, Sap Green, Yellow Ochre, Burnt Sienna, Burnt Umber na Chinese White. Neno Hue lina maana moja: rangi inaigiza mwonekano wa ile ya asili kwa kutumia pigmenti (unga unaotoa rangi) nyingine, ya bei nafuu au salama zaidi. Si ulaghai, na mara nyingine mwigo ni bora kuliko asili. Alizarini ya kale, kwa mfano, hufifia juani. Hii ya Cotman ni pigmenti ya kisasa inayostahimili.

Ultramarine na Burnt Sienna ndiyo moyo wa kisanduku. Sehemu mbili za Ultramarine kwa moja ya Burnt Sienna hutoa kijivu baridi cha mawingu ya kusi. Zikilingana zinakaribia weusi, na huo ndio mwamba wa matumbawe uliolowa. Burnt Sienna ikizidi unapata boriti za jahazi na makuti yaliyokauka. Mtu akizijua hizi mbili tu kwa mwezi mzima, ataweza kufanya karibu kila kitu kilichofanyika Cullercoats.

Chinese White itoke. Ikichanganywa kwenye maji ya bahari huyafanya kama maziwa, na ikipakwa juu kama povu hukauka ikiwa kijivu kuliko karatasi iliyo pembeni yake. Mahali pake pawekwe Intense Blue, ambayo ni bluu ya fthalo, aina ya pigmenti ya kisasa ya kemikali. Bila hiyo kisanduku hakina bluu ya kuelekea kijani: Ultramarine inaelekea zambarau, na Cobalt Blue Hue haiongezi mengi juu yake. Ndiyo maana wanaoanza hulalamika kwamba maji yao ya kina kifupi yanatoka kama ya ziwa siku ya mawingu.

Burnt Umber nayo itoke, iingie Raw Sienna. Mchanga wa pwani una mwanga ndani yake, na Raw Sienna inapitisha mwanga kuliko Yellow Ochre. Kijivujivu cha Burnt Umber unakipata kwa kuongeza tone la Ultramarine kwenye Burnt Sienna, kwa hiyo hujapoteza kitu.

Badiliko la tatu ndilo watu hulipuuza, na ndilo linalogusa kuondoa. Viridian Hue ya Cotman imetengenezwa kwa pigmenti PG7, kijani cha fthalo. Ni kizuri, kina nguvu, na kinaingia ndani ya nyuzi za karatasi kama wino. Ukijaribu kukiinua ili upate povu, unabaki na kivuli cha kijani kisichotoka hata usugue vipi. Viridian halisi, PG18, ambayo kampuni hiyohiyo inaiuza katika daraja la Professional, hukaa juu ya karatasi na kuinuka kwa brashi yenye maji safi. Kidonge chake ni cha kipimo kilekile, kinaingia kwenye nafasi bila taabu. Kile cha zamani king'oe kwa ncha ya kisu kisichokata. Kidonge hicho kimoja kitakuwa ghali kuliko vingine vyote, na kinastahili. Intense Blue nayo ni fthalo na ina tabia hiyohiyo ya kung'ang'ania, hivyo itumike pale tu ambapo huna nia ya kuondoa kitu.

Kwa maji ya kina kifupi, utaratibu unaotoa matokeo ya kuaminika ni huu. Tandaza kwanza Raw Sienna hafifu sana sehemu yote ya mchanga, hadi ndani ya maji, uache ikauke kabisa. Juu yake pitisha Viridian yenye chembe ya Intense Blue, maji yakiwa mengi kiasi cha kuona mchanga chini. Kuelekea mwamba ongeza Intense Blue. Ukipita mwamba ingia Ultramarine yenye Viridian kidogo. Ule mstari mweupe wa mawimbi yanayovunjika mwambani usiupake kitu: uruke kwa brashi. Kosa la kawaida hapa ni kupitisha tabaka la pili kabla la kwanza halijakauka. Gusa karatasi kwa mgongo wa kidole. Ikiwa bado baridi, kuna maji ndani yake. Siku zenye unyevu mwingi, wakati wa masika, hilo linaweza kuchukua zaidi ya nusu saa, na hakuna njia ya mkato isipokuwa kikaushia nywele.

Brashi inayokuja na kisanduku inafaa kwa nyavu, kamba na vigae vya chupa, basi. Kupaka anga kwa brashi hiyo ni kutafuta michirizi: ukingo wa mpako wa kwanza unakauka kabla ya wa pili kufika, na upepo wa baharini unaharakisha mambo. Nunua brashi ya mviringo namba 10 au 12 na nyingine bapa ya upana wa sentimita 2.5. Kifuniko nacho hakibebi rangi ya kutosha. Anga la karatasi ya sentimita 28 kwa 38, ambayo ni robo ya karatasi kamili ya 56 kwa 76, huhitaji kama kijiko kimoja kikubwa cha rangi iliyochanganywa tayari. Ichanganye kwenye sahani nyeupe ya udongo kabla hujagusa karatasi, na iwe na nguvu kidogo kuliko unavyotaka, kwa sababu rangi ya maji hupauka ikikauka. Dondoshea kila kidonge matone mawili matatu ya maji dakika chache kabla ya kuanza. Kusugua kidonge kikavu kunaharibu brashi na kutoa rangi dhaifu.

Tumefika kwenye karatasi, na hapa hatuna upole. Daftari la bei rahisi la karatasi ya massa ya mbao litakupa picha nzuri ya kwanza, kisha litakukatalia kila alichokifanya Homer baada ya 1881. Unahitaji karatasi ya pamba asilimia 100, gramu 300 kwa mita ya mraba, iliyotiwa gundi ya jelatini. Arches ni mfano unaojulikana zaidi, na Fabriano Artistico nayo ni ya pamba. Ikiwa bajeti inabana, kata karatasi kamili moja vipande vinane vya sentimita 28 kwa 19. Vipande vinane vidogo vya karatasi nzuri vinafundisha kuliko daftari zima la ile mbovu.

Sababu ni kisu. Homer alilipata povu la wimbi kwa kuondoa rangi kwa njia kadhaa, na mbili zinatosha kuanzia.

Ya kwanza ni kuinua. Rangi ikiwa imekauka, chora umbo la povu kwa brashi yenye maji safi. Subiri kati ya sekunde 10 na 20. Kandamiza kitambaa cha pamba au karatasi ya chooni, kisha inua moja kwa moja juu, usiburute. Unapata ukingo laini, kama povu lililokwisha kutawanyika juu ya mgongo wa wimbi. Usirudie zaidi ya mara tatu au nne mahali pamoja: kila mara unaondoa na gundi kidogo, na gundi ikiisha karatasi hunywa rangi kama kitambaa, kila tabaka linalofuata likatoka na doa jeusi.

Ya pili ni kukwangua, kwa rasharasha na mmetemeto wa jua. Wembe uliolazwa karibu bapa hupita juu ya vilima vya karatasi na kuvivua ngozi, na mabonde yanabaki na rangi. Huo ndio mmetemeto wa maji ya mchana. Ncha ya wembe ikidonoa hutoa matone ya rasharasha. Karatasi iwe imekauka kabisa. Ikiwa na unyevu, wembe unachimba mfereji, rangi inaingia mferejini, na badala ya mstari mweupe unapata mweusi usiofutika. Fanya kukwangua kuwe kazi ya mwisho, kwa sababu mahali palipokwanguliwa hapapokei tena rangi kwa usafi. Karatasi ya massa ya mbao hapa hutoa vinyweleo na kuchanika, wakati ya pamba yenye jelatini inavumilia wembe vizuri.

Kuna jambo moja ambalo Homer mwenyewe alishindwa nalo, na vifaa vya leo vinatuokoa. Katika Art Institute of Chicago kuna picha yake ya 1887, For to Be a Farmer's Boy, ya kijana shambani chini ya anga lililo karibu tupu. Wachunguzi wa jumba hilo walikuta chembe za rangi zinazoonyesha kwamba anga lile lilikuwa la magharibi, la jua linalotua, lenye wekundu na uchungwa. Mwanga wa miaka uliila rangi yote. Baadhi ya wekundu wa enzi hizo ulitengenezwa kwa rangi za mimea na wadudu, na haukuweza kustahimili. Kila unapotazama Homer mwenye anga jeupe isivyo kawaida, inafaa kukumbuka kwamba huenda si yeye aliyeliondoa.

Winsor & Newton huweka alama za kudumu kwa rangi: AA na A zinakaa, B na C zisiingie kwenye picha ya kuuza. Alama hiyo iangaliwe kwenye kila kidonge cha kuongezea, kwa sababu jina zuri la rangi halisemi chochote kuhusu uhai wake. Jipimie pia: paka mistari ya rangi zako zote kwenye ukanda wa karatasi, funika nusu kwa kadibodi nene, ubandike ndani ya dirisha linalopata jua. Baada ya miezi mitatu funua. Jua letu ni hakimu mkali, na majibu yanaonekana bila kutumia kioo cha kukuza.

Pwani ina maadui wengine wawili wa kisanduku hiki. Wa kwanza ni unyevu. Ukikifunga kikiwa kimelowa, vidonge huota kuvu ndani ya siku chache na kugandamana na kifuniko. Kiache wazi kivulini usiku mmoja, ndipo ukifunge. Karatasi nayo iwekwe kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa pamoja na vipakiti vya kufyonza unyevu, vile vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Jelatini ikipata unyevu wa muda mrefu huoza kwa viraka, na hutajua mpaka upake anga na kuona madoa kama ya mvua. Wa pili ni chumvi. Wapo wanaochovya brashi baharini kwa sababu maji yako miguuni. Chumvi ikibaki kwenye karatasi huvuta unyevu wa hewa kila jioni, tabaka halikauki sawasawa, na baada ya miezi unaona vipele vyeupe juu ya picha. Beba lita moja ya maji ya bomba na vikopo viwili: kimoja cha kuoshea brashi, kingine kisiguswe na rangi, kwa ajili ya kuinulia povu.

Picha ikikamilika isigusane na kioo cha fremu. Weka kadibodi ya unene wa milimita mbili au tatu kuzunguka picha, nyeupe na isiyo na asidi, ili hewa ipite katikati. Na ukutani iwe upande usiopigwa na jua la asubuhi wala la alasiri. Katika nyumba nyingi za pwani hapo ni ndani ya ukumbi, mbali na madirisha ya baharini.